Kuvaa Joho Moja Si Kumezana

Tangu 2024 watazamaji wa anga kila pembe ya dunia wanaingojea nyota moja ilipuke. Inaitwa T Coronae Borealis, iko katika kundi la Taji la Kaskazini, umbali wa takriban miaka ya nuru 3,000 kutoka kwetu. Ililipuka 1866, ikalipuka tena 1946, na kwa kuwa pengo lile lilikuwa la miaka 80, wengi wanaona zamu yake imewadia. Habari hii imefika Kisumu kwa njia ya simu za mkononi, kama nyingine nyingi, na njiani imepoteza mengi na kuokota mengine. Ujumbe uliotumwa katika kikundi chetu cha wazazi ulisema nyota mbili zimeshagusana, moja inaimeza mwenzake, na kwamba tutakachokiona ni kifo chao. Kijana wangu aliusoma akaniuliza kama Jua letu nalo litamezwa.

Tuiweke sawa kwanza nyota yenyewe. T Coronae Borealis ni jozi: kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kufa, na jitu jekundu, nyota nzee iliyovimba. Hukamilisha mzunguko mmoja kwa siku 227. Gesi ya jitu humwagikia kibete polepole, hujikusanya juu yake miaka nenda miaka rudi, na ikifika kiwango fulani huwaka yote kwa mpigo. Mlipuko ukipita, kibete kipo, jitu lipo, na mkusanyo unaanza upya. Hakuna aliyemezwa. Lakini kosa la ujumbe ule ni pana kuliko nyota hii moja, na hata waandishi makini huliangukia. Tumezoea kuamini kwamba nyota mbili zikisogeleana hadi zikagusana, basi mwisho umefika. Hoja yangu ni kwamba kuchangia joho moja la gesi ni hali mbili tofauti ambazo tunazitia kapu moja. Ya kwanza ni maisha, tena marefu. Ya pili ni msukosuko wa muda mfupi, na hata huo una milango miwili ya kutokea, mmoja wao ukiwaacha wote wawili salama. Asiyezitenganisha hali hizi atatangaza misiba isiyokuwepo na kupitwa na ile iliyopo.

Ili kuelewa hali ya kwanza, mtu wa Kisumu hana haja ya kwenda mbali. Ghuba yetu ya Winam na ziwa kuu la Victoria ni mabonde mawili, moja dogo na lenye kina kifupi, jingine pana na lenye kina kirefu. Yanaunganishwa na mlango mwembamba wa maji pale Rusinga. Kwa sababu mlango uko wazi, usawa wa maji ni mmoja pande zote mbili. Mvua ikinyesha upande mmoja, maji hupita hadi yalingane tena, na gugu maji huingia na kutoka kwa kadiri upepo unavyolisukuma. Nyota mbili zinazozungukana karibu sana nazo zina mabonde yake, yaliyochimbwa na uvutano wa kila mmoja. Mfaransa Édouard Roche alikokotoa umbo la mabonde hayo katika karne ya 19. Kati yake kuna mahali ambapo kuvutwa huku na kuvutwa kule kunasawazika, nao ndio mlango wetu wa Rusinga. Nyota ikiwa ndogo kuliko bonde lake, gesi yake inabaki nyumbani. Ikilijaza, gesi inamwagikia jirani. Zikijaa zote mbili na kuupita ule mlango, gesi ya nje inakuwa moja, usawa wake unakuwa mmoja, na jozi nzima inapata umbo la karanga yenye punje mbili ndani ya ganda moja.

Hakuna darubini inayotuonyesha karanga hiyo waziwazi, kwa sababu kutoka hapa jozi nzima ni nukta moja ya nuru. Ukikaa ufuoni Dunga usiku wa giza la mwezi, wavuvi wa omena wakiwa mbali na taa zao, utaona jinsi taa mbili zinavyoweza kuonekana moja. Mashua moja ikipita mbele ya nyingine, nuru inapungua, kisha inarudi. Mzee mmoja aliyevua omena tangu enzi za karabai aliniambia kwamba zamani angeweza kuhesabu mashua zilizo mbali kwa namna nuru inavyofifia na kurudi, bila kuona hata mtu mmoja. Wanaastronomia hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1903 Gustav Müller na Paul Kempf, wakiwa Potsdam, Ujerumani, waligundua kwamba nyota W Ursae Majoris hufifia na kung'aa kwa mpigo wa saa chache, mzunguko mzima ukiwa saa 8. Nuru yake haitulii hata kidogo. Hupanda na kushuka mfululizo kama kifua cha mtu aliyelala, na hiyo ndiyo alama ya nyota zilizovutwa zikapoteza uduara wao. Leo jamii nzima ya nyota za aina hiyo inabeba jina lake, na si adimu: kwa kila nyota 500 hivi zinazofanana na Jua, moja ni jozi iliyogusana.

Sasa hapa ndipo jambo linapokuwa tamu. Katika W Ursae Majoris nyota moja ina uzani unaozidi wa Jua kidogo, nyingine ina kama nusu yake. Nyota ya nusu ya Jua ikiishi peke yake inakuwa na uso wa nyuzijoto zisizofika 4,000, nyekundu na hafifu. Katika jozi hii sivyo. Nyuso zote mbili zina takriban nyuzijoto 6,000, na tofauti yao ni ndogo mno. Gerard Kuiper alikuwa ameonyesha 1941 kwamba nyota mbili za uzani tofauti, kila moja ikifuata kanuni zake za kawaida, haziwezi kukaa zikigusana kwa utulivu, maana vipimo vyao havilingani na mabonde yao. Kwa hiyo jozi hizi zisingepaswa kuwepo, na anga imejaa jozi hizi. Fumbo hilo lilikaa mpaka 1968, Leon Lucy alipopendekeza kwamba joho lenyewe ndilo jibu. Gesi ya nje inachemka na kuzunguka kama uji sufuriani, inachukua nishati kutoka kwa nyota kubwa na kuipeleka kwa ndogo kupitia shingo inayowaunganisha. Ndogo inavimba kuliko ambavyo ingevimba yenyewe, kubwa inapoa kidogo, na zote zinatoka na joto moja. Undani wa nadharia hiyo bado unabishaniwa, hasa jinsi nishati nyingi kiasi hicho inavyopita katika shingo nyembamba, lakini kiini chake kimesimama. Joho ndilo linalowezesha jozi kuishi. Makadirio ya muda wa maisha hayo yanaanzia mamia ya mamilioni ya miaka na kufika mabilioni. Mtu akiuita muda huo mgongano, neno mgongano limepoteza maana.

Hali ya pili inafanana na hii kwa jina tu. Inatokea pale nyota mojawapo inapozeeka na kuvimba kuwa jitu haraka kuliko mwenzake anavyoweza kupokea gesi yake. Joho linamfunika mwenza mzimamzima, naye anajikuta anazunguka ndani ya mwili wa jitu. Joho hili haliendi pamoja naye, linamkwamisha. Mtu aliyewahi kupiga kasia ndani ya gugu maji anajua: nguvu zote zinaishia kwenye majani, mashua haisongi. Vivyo hivyo nyota iliyofunikwa inapoteza nishati ya mzunguko wake kwa kusuguana na gesi, inazama kuelekea kiini cha jitu, na ile nishati iliyopotea inalipasha joho moto na kulisukuma nje. Sehemu kali ya tukio hili inaweza kwisha kwa miezi au miaka michache. Mwisho wake unategemea hesabu moja. Nishati iliyotolewa ikitosha kulirusha joho lote angani, vinabaki viini viwili vikizungukana karibu sana, vimevuliwa lakini viko hai. Isipotosha, vinazama na kuwa nyota moja.

Mfano wa mlango wa kwanza unakaa jirani na kundi ambalo wahenga wetu walilijua vizuri. Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, walisema, na wakulima wakapanga mbegu zao. Upande wa pili wa kundi hilohilo la Ng'ombe, hatua chache kutoka Kilimia, kuna kundi la Hyades, na ndani yake jozi iitwayo V471 Tauri: kibete cheupe na nyota ya kawaida iliyo ndogo kuliko Jua, zikizungukana kwa saa 12 na nusu. Umbali kati yao ni kama mara tatu tu ya nusu ya kipenyo cha Jua. Lakini kibete hicho, kabla hakijafa, kilikuwa jitu lenye upana wa mara nyingi kuliko nafasi yote hiyo. Kwa maneno mengine, mwenza anakaa leo mahali ambapo zamani palikuwa ndani ya tumbo la jitu. Bohdan Paczyński, Mpolandi, aliitumia jozi hii 1976 kueleza wazo la joho la pamoja: mwenza aliingia, akazama, joho likaruka, akabaki. Naona ushahidi huu una nguvu kuliko hesabu yoyote ya kompyuta, maana nyota ile ipo pale, imemezwa na ikatoka.

Wapo wanaopinga mtazamo wangu, na hoja yao bora ni nzito. Wanasema utulivu wa nyota zilizogusana ni wa juujuu tu, kwa kuwa kila jozi ya aina hiyo inapoteza mwendo wake wa mzunguko kidogo kidogo kupitia upepo wa sumaku, na siku moja lazima iungane. Tena tumeshaona ikitokea. Septemba 2008 nyota iliyokuja kuitwa V1309 Scorpii, katika kundi la Nge, iling'aa ghafla karibu mara 10,000 kuliko kawaida yake, kisha ikapoa na kuwa nyekundu kupindukia. Mradi wa OGLE wa Chuo Kikuu cha Warsaw, ambao Paczyński mwenyewe alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulikuwa umelipiga picha eneo hilo kutoka Chile kwa miaka kadhaa. Romuald Tylenda na wenzake walipofungua kumbukumbu hizo waliona, katika makala ya 2011, kwamba hapo kabla palikuwa na jozi iliyogusana yenye mzunguko wa saa 34 hivi. Mzunguko huo ulifupika, ukafupika kwa kasi zaidi, kisha jozi ikawa kitu kimoja. Paczyński alifariki Aprili 2007. Alikosa kwa mwaka mmoja na miezi michache kuona nyota zikifanya karibu jambo lile aliloliwaza, tena kupitia mradi wake.

Nakubali yote hayo. Muungano upo, na ndio mwisho wa jozi nyingi. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba basi kila jozi iliyogusana iko mlangoni pa kifo. V1309 Scorpii haikuwa jozi ya kawaida. Mzunguko wake ulikuwa mara nne ya ule wa W Ursae Majoris, kwa sababu nyota kubwa ndani yake ilikuwa imeshazeeka na kuanza kuvimba. Hali ya kwanza ilikuwa inageuka kuwa ya pili. Kuna mpaka unaoweza kuhesabiwa pia: nyota ndogo ikipungua uzani hadi chini ya takriban sehemu moja ya kumi ya mwenzake, haiwezi tena kuulazimisha mwili mkubwa ujizungushe sambamba na mwendo wa jozi, na kila jaribio la kufanya hivyo linausogeza mzunguko ndani zaidi. George Darwin, mwana wa Charles Darwin, aliugundua udhaifu wa namna hii tangu karne ya 19. Jozi zilizo juu ya mpaka huo zinaendelea na maisha yao.

Hoja yao dhaifu kabisa ndiyo inayopendwa zaidi na vyombo vya habari: mzunguko unafupika, kwa hiyo muungano umekaribia. Januari 2017 Lawrence Molnar na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba jozi iitwayo KIC 9832227, yenye mzunguko wa saa 11 hivi katika kundi la Bata Maji, ingeungana mwaka 2022 na kuonekana kwa macho matupu. Dunia nzima ilipokea tarehe hiyo. Mwaka 2018 Quentin Socia na wenzake wakachukua vipimo vya 2003 ambavyo havikuwa vimetumika, na havikulingana na utabiri. Walipofuatilia wakakuta kosa la uchapaji katika makala ya zamani: wakati wa kupatwa kwa nyota hiyo ulikuwa umeandikwa kimakosa, kwa tofauti ya saa 12 kamili. Sisi tunaosema saa moja asubuhi na saa moja jioni tunajua jinsi saa 12 zinavyoweza kupotea kwa neno moja. Kosa lile likirekebishwa, mteremko wa kuelekea 2022 unatoweka. Simlaumu Molnar hata kidogo. Alitoa utabiri unaoweza kupimwa, alieleza namna ya kuukanusha, na ulipokanushwa alikubali. Nalaumu masimulizi yaliyobaki nyuma, maana habari ya 2017 bado inazunguka huku ile ya 2018 ikiwa haikufika vijijini kabisa.

Hata pasipo kosa la uchapaji, kufupika kwa mzunguko hakutoshi. Jozi nyingi za aina hii zina mwenza wa tatu anayezunguka kwa mbali. Akiivuta jozi kuja upande wetu, nuru ya kila kupatwa ina njia fupi zaidi ya kusafiri, hivyo inatufikia mapema, nasi tunadhani saa ya jozi imeongeza kasi. Miaka ikipita, mwenza huyo anaivuta upande mwingine na saa inaonekana kuchelewa. Sumaku za nyota nazo zina misimu yake inayobadilisha mzunguko kidogo mbele na nyuma. Kuna jozi ambazo mzunguko wake unarefuka, na hakuna anayeandika kwamba zinatalikiana. Kilichoifanya V1309 Scorpii iwe tofauti ni kasi ya kufupika iliyoongezeka mwaka hadi mwaka, pamoja na umbo la nuru lililobadilika kuelekea mwisho. Ushahidi huo ulisomwa baada ya tukio.

Upande wa pili wapo wenye tahadhari iliyopita kiasi, wanaosema hali ya pili ni fupi na imefichika mno kiasi kwamba hakuna la maana linaloweza kusemwa. Ni kweli kwamba kompyuta bora bado zinashindwa kulirusha joho lote kwa nishati ya mzunguko peke yake. Sehemu kubwa hubaki imefungwa, na wataalamu wanabishana kama nishati inayotolewa gesi ya joho inapopoa na atomi zake kuungana upya na elektroni inaziba pengo hilo. Lakini V471 Tauri ipo, na jozi nyingine za vibete vyeupe zipo. Tunajua mlango unafunguka hata kama hatujaielewa vizuri bawaba yake.

Na wapo wanaouliza, kwa nia njema, inatuhusu nini sisi wa huku magharibi mwa Kenya. Mwaka 1970, Desemba 12, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wetu, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Malindi. Ilipewa jina Uhuru. Kupitia kwake ilijulikana kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kinatoa mpigo wa eksirei kila baada ya sekunde zisizofika tano, na kwamba hujificha kila baada ya siku mbili hivi nyuma ya nyota kubwa. Mzoga wa nyota ulikuwa unazunguka nyota hai kwa ukaribu usioelezeka kirahisi. Swali la jinsi mzoga na nyota hai wanavyofika karibu hivyo, au mizoga miwili inavyofika karibu hivyo, ni swali hilihili la joho. Mwaka 2015 mashimo meusi mawili, yenye uzani wa takriban mara 36 na mara 29 ya Jua, yaligunduliwa yakiungana kwa mawimbi ya uvutano. Nyota zilizoyazaa zilikuwa kubwa mno kukaa karibu kiasi hicho, na kupita ndani ya joho la pamoja ni mojawapo ya njia chache zinazopendekezwa. Lugha yetu ilishaingia katika jambo hili tangu siku ile ya Malindi, kwa neno moja zito. Mtoto wa Maseno au Kakamega hana sababu ya kulisoma kama la wageni.

Haya yatatufikia zaidi hivi karibuni. Darubini ya Vera Rubin nchini Chile ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025, na kazi yake ni kulipiga picha anga la kusini tena na tena kwa miaka 10. Itazikuta jozi zilizogusana kwa wingi ambao hatujawahi kuuona, na miongoni mwake zitakuwemo nyingi ambazo mzunguko wake unaonekana kufupika. Kila moja itaweza kugeuzwa kichwa cha habari. Ninaowaomba walimu wa fizikia na watangazaji wa redio zetu ni kuuliza maswali matatu kabla ya kuipeperusha habari: vipimo vimechukuliwa kwa miaka mingapi, mwenza wa tatu ametafutwa, na nyota kubwa imeshaanza kuvimba au bado.

Mwanangu nilimjibu kwamba Jua halina pacha, kisha nikampeleka nje ya mji, mahali pasipo na taa, kati ya Julai na Septemba ambapo Nge husimama juu jioni. Mashariki ya mkia wake kuna Taji la Kusini, na ndani yake Epsilon Coronae Australis, jozi iliyogusana inayong'aa kuliko zote za jamii yake, inayoonekana bila darubini anga likiwa safi. Huzungukana kwa saa 14 hivi, na mdogo ana uzani wa kama sehemu moja ya nane ya mkubwa, juu kidogo ya ule mpaka. Tuliilinganisha na nyota za jirani saa mbili usiku, tukailinganisha tena kuelekea saa sita. Ilikuwa imefifia kidogo, kiasi cha kubishaniwa, naye akabisha kweli. Kutoka pale hadi mahali palipokuwa na V1309 Scorpii ni pungufu ya shubiri moja ya mkono ulionyooshwa. Alipima kwa vidole vyake, mara mbili, akaandika saa kwenye daftari.